Mvumo: Historia Fupi ya Amplifaya ya Bei Poa

Kijana mmoja wa kwaya mtaani kwetu alinunua amplifaya ya gitaa Kariakoo. Ya mtumba, ndogo, spika moja, bei ya kuridhisha. Nyumbani ilikuwa haina neno. Jumapili akaiunganisha na miksa ya kanisa, na kabla hajagusa uzi hata mmoja, spika zote zikaanza kuvuma: mmmmm, mvumo mzito usiokatika, kama friji kuukuu chumba cha pili. Mchungaji akageuka kuangalia. Kijana aliona haya mpaka ibada ikaisha.

Jumatatu akaenda kwa fundi. Fundi akafungua plagi, akakata waya wa tatu, ule wa ethi, akafunga. Mvumo ukaisha. Kijana akalipa elfu tatu, akashukuru, akaondoka anapiga mluzi.

Nitarudi kwa huyu kijana. Ila kwanza twende mbali kidogo, kwa sababu mvumo uliomwaibisha una umri wa miaka zaidi ya 90, na watu wenye akili nyingi walimaliza sehemu nzuri ya maisha yao wakipambana nao.

Hapo zamani gitaa lilikuwa mnyonge wa bendi. Kwenye kumbi za dansi za Marekani za miaka ya 1920 na 1930, tarumbeta na ngoma zililimeza. Mpigaji alionekana anatikisa mkono, basi. Waliokereka zaidi ni wapiga muziki wa mtindo wa Hawaii, waliotaka gitaa liimbe lenyewe. Mmoja wao, George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, aliingiza sokoni mwaka 1932 gitaa la umeme lenye mwili mdogo wa duara na shingo ndefu. Watu walilibatiza jina la utani: Kikaango.

Siri ya Kikaango ilikuwa pikapu. Siyo gari. Ni sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba uliosokotwa mamia au maelfu ya mizunguko, yaani koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, koili inazaa umeme kiduchu, na amplifaya inaukuza mpaka spika iweze kusema. Ufundi mzuri kabisa, ila una kasoro moja: koili haichagui. Inasikia uzi, na inasikia pia kila kitu chenye umeme kilicho jirani, iwe transfoma, mota ya feni au nyaya za ukutani. Umeme wa majumbani Marekani hubadili mwelekeo na kurudi mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mwendo huo ukiingia kwenye koili na kukuzwa, ndio mmmmm wa kanisani.

Basi tangu siku ya kwanza gitaa la umeme lilikuja na mgeni ambaye hakualikwa.

Halafu kuna bei. Mwaka 1936, Marekani ikiwa bado katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Gibson walitoa ES-150. Namba hiyo ilikaribia bei yenyewe: dola 150 hivi, gitaa pamoja na amplifaya na waya wake. Kwa zama zile hizo zilikuwa pesa nyingi sana. Charlie Christian alilishika gitaa hilo, mwaka 1939 akaingia kwenye kundi la Benny Goodman, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakasikia gitaa likijibizana na saksafoni bila kuomba radhi. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25.

Aliyeshusha kitu hiki karibu na mtu wa kawaida alikuwa fundi redio. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938. Kupiga gitaa hakujua na hakuwahi kujifunza. Ila redio alizijua, na amplifaya ya wakati ule ilikuwa ndugu wa redio: valvu za kioo, transfoma, spika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuuza kiamplifaya cha wanafunzi kilichokuja kujulikana kama Champ. Katika umbo lake la miaka ya 1950 kilikuwa na kitufe kimoja cha sauti, spika ya inchi 8 na wati 5 hivi. Mwaka 1970 Eric Clapton na Duane Allman, watu ambao wangeweza kununua chochote, walitumia vidude hivyohivyo vya wanafunzi studioni Miami kurekodi albamu ya Layla. Ukisikia muuzaji anakwambia wati 5 ni za watoto, mkumbuke Clapton.

Hata hivyo mvumo haukwenda popote. Aliyeushika shingo ni Seth Lover, fundi wa Gibson kule Kalamazoo, Michigan. Kabla ya hapo alikuwa anashughulika na amplifaya, na kwenye mojawapo kulikuwa na koili iliyosokotwa kwa namna ya kuufuta mvumo wa transfoma. Akajiuliza: kama inawezekana ndani ya amplifaya, kwa nini isiwezekane kwenye gitaa? Akachukua koili mbili, akaziunganisha ili moja iende kinyume cha mwenzake, na sumaku zake nazo zikatazamana kinyume. Mvumo wa ukutani unazifikia zote mbili sawasawa, kwa hiyo zinaufuta, kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake. Lakini sauti ya uzi, kwa sababu ya zile sumaku zilizogeuzwa, inawakuta wote wawili upande mmoja wa mlango. Aliomba hataza mwaka 1955, akaipata mwaka 1959. Mpaka leo gitaa lenye "hambaka" linaheshimika kwa ukimya wake.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya ushindi wa uhandisi. Ila wakati Lover anatafuta ukimya, wengine walikuwa wanaanza kuzipenda kelele.

Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilikuwa safarini kwenda Memphis kurekodi "Rocket 88". Amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, iliumia njiani. Wapo wanaosema ilianguka, wapo wanaosema ilinyeshewa. Pesa ya nyingine haikuwepo. Studioni kwa Sam Phillips wakaisindikia karatasi ndani ya spika, na gitaa likatoka linakwaruza. Phillips akaliacha likwaruze. Miaka 13 baadaye, London, kijana Dave Davies wa The Kinks alichukua kiamplifaya chake cha bei chee aina ya Elpico, akakichana spika kwa wembe, na hiyo ndiyo sauti ya "You Really Got Me". Katikati hapo, njia moja ya mitambo ya studio Nashville iliharibika wakati Grady Martin anapiga besi kwenye wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry". Hawakuifuta. Wahandisi wakaunda kisanduku cha kuiga ule uharibifu, na mwaka 1962 kikaingia madukani kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ndicho alichokanyaga Keith Richards kwenye "Satisfaction" mwaka 1965.

Na Maestro ilikuwa chapa ya nani? Ya Gibson. Kampuni ileile iliyokuwa inauza koili za Seth Lover ilikuuzia ukimya kwa mkono wa kulia na kelele kwa mkono wa kushoto.

Huu siyo unafiki. Kelele ni mbili, tusizichanganye. Mkwaruzo wa Kizart ulikuwa jibu la mkono wake: akipiga kwa nguvu unakua, akiacha unanyamaza. Mvumo haumjibu mtu. Upo kabla hujapiga, upo ukimaliza. Wa kwanza ni sauti ya muziki hata kama umezaliwa na ubovu. Wa pili ni habari kuhusu umeme wako, na habari inatakiwa isomwe.

Umaskini ndio umekuwa mwalimu mkubwa wa kelele ya kwanza. Jim Marshall alianza kuunda amplifaya dukani kwake London mwaka 1962 kwa sababu wateja wake walitaka Fender, na Fender iliyovuka bahari ilikuwa ghali mno. Yeye na wenzake wakaifungua Fender Bassman, wakainakili kwa vifaa vilivyopatikana Uingereza. Vifaa tofauti vikatoa ukali tofauti, na rock ikapata sauti yake. Kinshasa nako, Mawangu Mingiedi wa Konono No.1 alikuza likembe kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, ili zisikike juu ya makelele ya jiji. Zilitoka zinakwaruza kweli kweli. Mwaka 2004 ilipotoka Congotronics, wasikilizaji wa Ulaya walidhani wanasikia muziki wa elektroniki wa kesho.

Kelele ya pili haina mapenzi ya namna hiyo. Mei 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikuwa jukwaani Swansea, Wales. Aligusa maiki huku mkono mwingine uko kwenye nyuzi. Ethi haikuwa sawa. Alikufa akiwa na miaka 27. Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa ambalo ethi yake ilikuwa na hitilafu. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungana na bodi ya chuma ya amplifaya. Bodi ikishika umeme na ethi haipo, njia ya umeme kwenda ardhini inakuwa wewe.

Tumrudie sasa kijana wetu. Wiki ya tatu, siku ya mazoezi, amplifaya ilikuwa peke yake, haijaunganishwa na miksa. Alisogeza mdomo kwenye maiki akiwa ameshika nyuzi, akapigwa shoti ya mdomo iliyomrusha hatua mbili nyuma. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Kumbe siku zote zile alizopiga salama, ethi alikuwa anaiazima kwenye ule waya wa miksa bila kujua.

Fundi aliyemkatia hakuwa mtu mbaya. Ni mazoea yetu. Wangapi tumesukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie? Tundu lile ndilo la ethi. Chaja ya simu imeundwa kuishi bila ethi. Amplifaya yenye bodi ya chuma na mguu wa tatu haikuundwa hivyo.

Basi ukienda kununua, nenda na gitaa lako na waya wako mwenyewe. Soma kwanza mgongo wa amplifaya: mtumba wa Marekani unataka volti 120, wa Japani 100, na ukiuchomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu umeununua moshi. Iwashe bila kuchomeka gitaa. Ikivuma hapohapo kwa nguvu, huenda kapasita zake zimechoka; punguza bei au iache, na kama ni ya valvu usiifungue mwenyewe, kwani hubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Chomeka gitaa. Mvumo ukibadilika unapogeuka huku na huku, ni koili inasikia mazingira: sogea mbali na transfoma, au tafuta gitaa la hambaka. Kitufe kikichakarisha unapokizungusha, mara nyingi ni vumbi. Kikichakarisha unapotikisa waya, badili waya. Sauti kama mvua ya mbali inayokua unapoongeza ukali ni ya kawaida, izoee. Na kwa chumbani wati 5 mpaka 15 zinatosha na kubaki. Wati maradufu hazileti sauti maradufu.

Mvumo ukija unapounganisha mitambo miwili tu, kama pale kanisani, mara nyingi ni kwamba ethi zao zinakutana kwa njia mbili. Chomeka yote kwenye ekstensheni moja. Isiposaidia, tumia kisanduku cha DI, kinachokata mzunguko upande wa waya wa sauti. Waya wa umeme uache kama ulivyo.

Kijana alirudishiwa ethi yake na fundi mwingine, mvumo ukarudi pamoja nayo, wakahamishia kila kitu kwenye ekstensheni moja, ukapungua sana. Haujaisha. Ukikaa benchi la mbele, kabla ya pambio la kwanza, bado unausikia kwa chini.