Pete ya Mpiga Upinde: Kitu, Kazi na Jina kutoka Uchina hadi Bonde la Nile

Makala hii inachunguza uhusiano wa kitu na jina lake katika uandishi wa historia. Mfano wetu ni pete ya mpiga upinde. Anayevuta upote, yaani uzi wa upinde, kwa dole gumba huhitaji kinga: pete hukinga ngozi isichubuliwe, na huufanya upote uteleze sawasawa mshale unapoachiliwa.

Huko Uchina, pete ya jedi, jiwe gumu la thamani, ilipatikana Anyang katika kaburi la Fu Hao, lililofukuliwa mwaka 1976 na lenye umri wa miaka ipatayo 3,200. Pete hiyo ina mfuo wa kushikia upote. Chini ya utawala wa Qing (1644–1912), Wamanchu, walioenzi upinde, walivaa pete zenye umbo la kipande cha mwanzi. Polepole pete hizo zikawa pambo na alama ya cheo, hata kwa wasiopiga mishale. Hata hivyo, jina lake la Kichina, banzhi, limehifadhi kazi ya awali: ban ni kuvuta, zhi ni kidole.

Katika bonde letu la Nile, pete za mawe za namna hiyo zimefukuliwa makaburini Meroe, Sudani ya leo, na wafalme wa Kushi wamechongwa katika kuta za mahekalu wakiwa wamezivaa. Huko nako chombo cha vita kilikuwa pia alama ya enzi. Waarabu walioishambulia Nubia katika karne ya 7 waliwaita wapiga upinde wake walenga mboni za macho.

Hapa ndipo hadhari inapohitajika Arua na Koboko. Jina la Wanubi huweza kumshawishi mtafiti awaunganishe moja kwa moja na wapiga upinde hao. Lakini chimbuko la Wanubi wa Uganda ni askari wa Emin Pasha, waliotoka jamii mbalimbali za kusini mwa Sudani na maeneo jirani, ambao Lugard aliwaandikisha mwaka 1891. Silaha yao ilikuwa bunduki. Lugha yao ni krioli iliyotokana na Kiarabu, wala haina nasaba na lugha za Nubia.

Kwa hiyo, katika banzhi kazi ilififia, jina likabaki kuieleza. Katika Nubi, jina lilihamia kwa watu wengine. Jina ni ushahidi wa kuchunguzwa, si cheti cha nasaba. Wanubi wana historia yao ya kambi, safari na lugha, nayo yastahili kuandikwa bila kuazima fahari ya Meroe.