Simu, Pesa na Wakala: Maneno ya Kale katika Biashara ya Mtandao nchini Kenya

Utangulizi

Historia ya ufundi mpya huandikwa mara nyingi kwa kufuata vyombo: mwaka chombo kilipobuniwa, bandari kilikoshukia, na idadi ya watu waliokinunua. Ipo njia ya pili, nayo ni kufuata maneno. Chombo kigeni kifikapo, watu hukitafutia jina, na jina hilo hutuambia wamekipokea vipi na wamekiweka karibu na jambo gani katika maisha yao. Makala haya yanakusudia kuifuata njia hiyo ya pili kwa kuitazama biashara ya simu na mtandao nchini Kenya tangu mwaka 2007. Hoja yetu ni kwamba biashara hiyo ilizoeleka upesi kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, ilikuta msamiati uliokwisha kukomaa katika biashara ya pwani. Na kwamba msamiati huo huo, ukitumiwa bila hadhari, waweza kumficha mteja jambo linalomgusa sana.

Asili ya maneno

Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako sim ni madini ya fedha na pia ni waya. Lilipoingia katika Kiswahili lilitaja telegrafu. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukaiunganisha na Aden upande mmoja na Msumbiji na Afrika Kusini upande wa pili. Na tangu hapo tajiri wa Unguja aliweza kupata habari za soko la ng'ambo bila kungoja meli. Simu ilikuwa ujumbe wenyewe: mtu alipeleka simu, na mwenziwe akapokea simu. Baadaye neno lilihamia kwenye chombo cha kuzungumzia, na mwishoni mwa karne ya 20 likafika kwenye simu ya mkononi.

Neno pesa limetoka Bara Hindi. Sultani Barghash alitoa pesa za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikatoa zake za Mombasa zenye tarehe ya 1888. Na kampuni ya Wajerumani ikafuata mwaka 1890 kwa sarafu iliyoandikwa neno lenyewe, Pesa. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Sarafu hiyo ilikwisha kitambo, na rupia nayo ikaondolewa mwaka 1920, ikaja florini, kisha shilingi mwaka 1921. Sarafu ilikufa, jina likaishi. Nalo likapanuka hata likawa jina la fedha za kila namna.

Wakala, kwa asili ya Kiarabu, ni mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine. Neno hili lilitembea pamoja na mengine mawili: hawala, la Kiarabu, na hundi, la Kihindi. Kwa hawala au hundi, mfanyabiashara aliweka fedha mikononi mwa mtu mmoja hapa, na mtu mwingine akazitoa kule, bila sarafu yenyewe kuvuka bahari. Kilichosafiri ni neno la kuaminiwa.

Kutoka hundi hadi M-Pesa

Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, ikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ilianza kujaribu mjini Nairobi na Thika mpango wa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Wakopaji wakaugeuza mpango huo wakatumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa tarehe 6 Machi 2007, haikutangaza malipo ya mikopo. Ilitangaza kutuma pesa nyumbani. Kabla ya hapo, mfanyakazi wa mjini alimpa fedha ndugu anayesafiri, au dereva wa basi, au alikwenda posta.

Tukiuchunguza utaratibu wenyewe, tutaona ni wa zamani. Mteja humpa wakala fedha taslimu. Wakala humhamishia salio. Fedha zenyewe hukaa benki kama amana. Na mpokeaji huenda kwa wakala mwingine akazitoa. Ni hawala, ila daftari lake limo katika mashine. Tena yafaa ikumbukwe kwamba pesa ya simu ilitangulia kuenea kwa mtandao. Mwaka 2007 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali. Nyaya za TEAMS na SEACOM hazikufika Mombasa hadi mwaka 2009. M-Pesa ilitumia menyu ya kadi ya simu na ujumbe mfupi, vitu ambavyo simu duni kabisa iliviweza. Wataalamu Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa nyumba 194,000 katika ufukara uliokithiri. Wako wataalamu waliolipinga kadirio hilo.

Vitenzi vipya

Kwa mwanafunzi wa lugha, lenye utajiri zaidi ni yale maneno yaliyofuata. Mhudumu wa simu aliazima kitenzi sambaza kwa kuhamisha muda wa maongezi, na mara watu wakasema "nisambazie mia", kwa kauli ya kutendea iliyo sahihi kabisa. Mkopo mdogo wa muda wa maongezi uliitwa Okoa Jahazi. Huduma ya akiba na mikopo iliyoanza mwaka 2012 ikaitwa M-Shwari. Haya ni maneno ya baharini, nayo yalieleweka hata na watu wa bara wasiopata kuliona jahazi. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kulipa zaidi ya salio lake. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Leo asemaye "nimefuliza" anamaanisha amekopa, na maana ya kale imebaki chini yake kama kivuli: kwa wengi kukopa huku hakukomi.

Ada na riba

Hapa ndipo penye jambo zito. M-Shwari ilipoanza, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, nayo iliitwa ada. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Serikali ilipoweka kikomo cha riba za benki mwaka 2016, swali la kama tozo hilo ni ada au ni riba lilikuwa na uzito wa kisheria. Katika Kiswahili maneno haya mawili hayafanani hata kidogo. Ada ni kitu cha desturi, kitolewacho kwa heshima. Riba ina uzito wa dini na lawama. Mkopaji aambiwaye ada huona njia ya kawaida. Aambiwaye riba husita na kuuliza.

Baadaye wakaja wakopeshaji wengi wa mtandaoni, ambao masharti yao marefu huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza, huku jina na kitufe cha kukubali vikipambwa kwa Kiswahili. Wako waliokubali, bila kujua, kwamba majina yaliyomo katika simu zao yatatumiwa kuwaaibisha wakichelewa kulipa. Sheria ya kulinda data ilipitishwa mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikakataza mwenendo huo. Lakini sheria haimfai mtu asiyeelewa alichokikubali.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tumeona kwamba hakikukosa maneno ya biashara mpya. Kilikuwa nayo kabla ya biashara yenyewe. Kinachokosekana ni kukitumia pale penye wajibu, na si pale penye matangazo tu. Idara zetu zina kazi ya wazi: kusanifu maana za ada, riba, faini, dhamana na ridhaa katika mikataba ya mtandao, na kudai kwamba mkataba uandikwe katika lugha ile ile iliyomvuta mteja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo lipo, tena halikosei hesabu. Imebaki mwenye mali aweze kulisoma.