Vitufe viwili, simu ya mkononi na mto Ruvuma

Test zimeisha, umeme upo, basi leo tupige historia kidogo. Sio ya Majimaji wala ya Mikindani, hizo mnazijua. Hii ni ya vitufe viwili vya simu yako: cha kuwashia na cha kuongeza sauti.

Simu nyingi za Android ukizizima halafu ukavibana vyote viwili kwa pamoja, zinakuletea kioo cheusi chenye orodha fupi. Ndiyo rikavari hiyo. Ni mfumo mdogo unaokaa sehemu yake peke yake, ili ule mkubwa ukigoma kuwaka pawe na njia ya kuiokoa simu. Yaani mtumbwi mdogo unaofungwa nyuma ya jahazi. Tatizo ni kwamba mtumbwi huo hata mwizi anaweza kuupanda.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni Marekani Oktoba 2008. Mwaka huohuo mwezi wa Aprili Vodacom walikuwa wameanza M-Pesa hapa Tanzania. Miaka ile nywila ya kioo ilikuwa inakaa pamoja na data zako, kwa hiyo mtu akiingia rikavari na kufuta data, nywila nayo imekwenda. Dakika chache tu simu inakuwa "mpya", inauzwa. Wenzetu wa iPhone walipata kufuli Septemba 2013 kwenye iOS 7: simu ikifutwa bado inadai akaunti ya mwenyewe. Android ikafuata Machi 2015 na toleo 5.1. Tangu hapo mafundi wanatafuta vichochoro, Google wanaziba, na mwaka 2024 kwenye Android 15 wakakaza tena.

Je, kufuta kwenyewe kulikuwa kunafuta kweli? Mwaka 2015 Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima simu 21 zilizotumika, za toleo 2.3 hadi 4.3. Wakakuta mabaki mengi: meseji, picha, hata funguo za akaunti za Google. Fikiria sasa sisi tunaonunua simu za mkononi kwa mtu, na wale waliotuuzia! Dawa ni usimbaji, yaani data kuandikwa kwa siri ili bila nywila zisisomeke. Ila simu za bei ndogo zilisamehewa kwa muda mrefu, mpaka Android 10 ya 2019 ilipolazimisha kila simu mpya.

Kuna mlango wa chini zaidi ya rikavari, ule wa dharura uliomo ndani ya chipu yenyewe, ambao fundi anautumia kufufua simu iliyokufa kabisa. Januari 2018 watafiti wa Aleph Security walionyesha kwamba faili za kiwandani za kufungulia mlango huo kwenye chipu za Qualcomm zilikuwa zimevuja, na zinaweza kutumika kuvunja ulinzi wa baadhi ya simu. Mwaka uliofuata iPhone nazo zikaumbuka: kasoro ya checkm8 iligusa kuanzia 4S hadi X, na kwa kuwa imo ndani ya chipu, haizibiki kwa kusasisha programu.

Serikali yetu ilipita njia nyingine, ya namba. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ilifanya kubadili IMEI ya simu kuwa kosa. Halafu usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA wakazima simu feki nchi nzima. Mnakumbuka *#06# na kutuma zile tarakimu 15 kwenda 15090? Mfumo huohuo unaweza kuifungia simu iliyoibwa: unachukua RB polisi, unaipeleka kwa kampuni ya laini yako. Hapo hata mwizi akifuta kupitia rikavari, IMEI inabaki palepale.

Ila sisi wa huku tuna jambo letu. Kufungiwa huko ni kwa mitandao ya Tanzania. Simu ikivushwa Kilambo, ikashukia upande wa Msumbiji, orodha ya TCRA haiwabani wa kule mpaka nchi ziwe zinapeana orodha. Mto tunaouvuka kwa biashara na kwa ndugu zetu, kwa simu ya wizi ni mlango wa kutokea.

Kwa hiyo wadau, hasa mliohifadhi ripoti ya field kwenye simu: weka PIN kwenye laini yenyewe, maana mwizi huichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Andika IMEI kwenye daftari. Ukiuza simu, toa kwanza akaunti yako kwenye mipangilio, ndipo ufute. Ukinunua, iwashe mbele ya muuzaji. Ikidai akaunti asiyoijua yeye, mrudishie. Kuna mwenzetu wa hosteli aliitoa nusu ya boom kwa simu ya namna hiyo, na mpaka leo anaitumia kama kioo cha kujitazamia.

Haya, kesho kipindi cha saa moja asubuhi. Usiku mwema.