Insha za kukodi

Insha ya kukodi ni kazi ya chuo inayoandikwa na mtu mwingine kwa malipo, kisha mwanafunzi akaikabidhi kwa jina lake. Wahadhiri wawili wa Uingereza, Robert Clarke na Thomas Lancaster, waliuita mtindo huu "udanganyifu wa mkataba" mwaka 2006.

Nairobi ni kitovu kimojawapo cha biashara hiyo. Filamu The Shadow Scholars ya 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, iliwaonyesha waandishi wa insha hizo: vijana waliosoma hadi chuo kikuu wakakosa ajira. Nairobi ikilala, Marekani ni mchana, na oda zinaingia: kurasa tano za uuguzi, zinatakiwa kabla ya alfajiri. Anayekesha na vitabu ni mmoja, atakayevaa joho ni mwingine. Dhuluma hiyo haiishii kwa mwandishi asiyetajwa; inamfikia hata mgonjwa anayekiamini cheti cha muuguzi wake.

Udanganyifu huu haufanani na mwakenya. Kwa wanafunzi wa Kenya, mwakenya ni kikaratasi cha majibu kinachoingizwa kwa siri katika chumba cha mtihani, na jina lake limetokana na vuguvugu la chinichini la miaka ya 1980. Ni wizi pia, ila aliyekiandika kwa herufi za sisimizi angalau ameyapitia masomo.

Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022 zilitunga sheria za kumbana muuzaji. Mnunuzi ameachiwa chuo kimshughulikie. Programu za kulinganisha maandishi hazimnasi kirahisi, kwa sababu insha ya kukodi ni mpya, haikunakiliwa popote.

Ilipokuja ChatGPT, Novemba 2022, vyuo vilikimbilia programu za kutambua maandishi ya mashine. Watafiti wa Stanford walizijaribu saba kati ya hizo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima programu yake Agosti 2023. Kilikuwa na haki: mwanafunzi mwaminifu hapaswi kushtakiwa kwa sababu ya Kiingereza chake.

Njia ya kuaminika zaidi ni ya kale. Mhadhiri humketisha mwanafunzi, akafungua ukurasa wa tatu na kumwuliza hoja ile aliipataje. Kwa darasa la watu 300, dakika kumi kwa kila mmoja ni saa 50, ambazo chuo lazima kiziweke kwenye ratiba na kuzilipia.