Utando wa kipandikizi cha mfupa
Utando wa kipandikizi cha mfupa ni tabaka jembamba lenye vitundu vidogo linalofunika kipandikizi cha metali, kama nyonga bandia, ili mfupa ushikamane nacho. Seli za mfupa huingia katika vitundu hivyo na kujenga mfupa mpya ndani yake.

Katika miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani. Lakini bakteria nao huweza kujishikiza kwenye metali na kujifunika kwa ute, hata dawa za kumeza au sindano zikawafikia kwa shida.

Kwa hiyo vitundu huweza kutiwa antibiotiki, kama jentamisini, itoke polepole palepale. Ikitoka haraka mno, huisha mapema. Ikibaki kidogo kwa muda mrefu, bakteria huweza kuwa sugu.