Mvinyo na Mpanda Baisikeli

Kila kinywaji kilichopata sifa duniani kina wasemaji wake, na mvinyo wa zabibu umepata wasemaji wengi. Umesifiwa kuwa dawa ya mgonjwa, faraja ya mwenye huzuni na nguvu ya mtu wa kazi. Sifa hii ya tatu ndiyo nitakayoichungua hapa, kwa kuwatazama wapanda baisikeli wa ridhaa, watu washindanao barabarani kwa mapenzi wala si kwa mshahara. Nimewachagua kwa sababu barabara haina upendeleo. Ina mlima, ina jua, na mwisho wake pana saa ihesabuyo dakika za tajiri na maskini sawasawa. Mahali pa namna hiyo sifa ya uongo haikupasa kuishi siku nyingi. Walakini iliishi zaidi ya nusu karne. Kwa nini?

Tuanze Bordeaux, mji wa Ufaransa ambao jina lake halitengani na mvinyo. Mwezi wa Mei 1891 yalianza hapo mashindano ya kwenda Paris, safari ya kilomita zipatazo 570. Yalikuwa mashindano ya watu wa ridhaa, na Waingereza waliovuka bahari kuja kushindana walitwaa nafasi nne za kwanza. Mshindi, George Pilkington Mills, alifika baada ya saa zaidi ya 26. Septemba ya mwaka ule ule Charles Terront, aliyeshindana kwa malipo, alishinda safari ya Paris hadi Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200, kwa muda upitao saa 71. Safari hiyo ya pili sasa ni ya watu wa ridhaa, na hufanywa kila baada ya miaka minne.

Safari ndefu namna hii zilizaa swali: mtu atokaye jasho mchana na usiku anywe nini? Tusiwacheke waliojibu kwamba anywe mvinyo. Maji ya visima na mifereji ya siku zile yalikuwa adui aliyefichika. Mwaka 1884 kipindupindu kiliwaua watu wengi Toulon na Marseille, na homa ya matumbo haikuwa mgeni mijini. Louis Pasteur, katika kitabu chake cha 1866 juu ya mvinyo, alikuwa ameuhesabu miongoni mwa vinywaji vyenye kufaa afya. Msafiri aliyepita kijiji asichokijua, akakiacha kisima na kuomba mvinyo, alitenda kwa busara ya wakati wake.

Kosa lilianza pale usalama ulipogeuzwa kuwa nguvu. Kinywaji kisicholeta homa kilidhaniwa kuwa kinasaidia miguu kukanyaga. Wataalamu wenyewe waligawanyika. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Marekani, Wilbur Atwater na Francis Benedict walimweka mtu ndani ya chumba cha kupimia joto la mwili, wakaona kwamba kileo huungua mwilini na kutoa joto kama chakula. Mwaka 1902 Émile Duclaux, mkuu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliutegemea ushahidi huo akatetea kwamba kileo ni chakula. Wauzaji wa mvinyo walikuwa na sababu ya kufurahi. Lakini mwaka mmoja kabla yake, Auguste Chauveau alikwisha kuuliza swali lililo karibu zaidi na barabara: je, misuli huweza kukitumia kileo kufanya kazi? Alimkimbiza mbwa ndani ya gurudumu, kisha akaiondoa sehemu ya sukari katika chakula chake na kutia kileo mahali pake. Kazi ya mbwa ilipungua, na uzito wake ukashuka.

Pande zote mbili zilisema kweli, na hesabu ndogo yatosha kuwapatanisha. Chupa ya mililita 750 ya mvinyo wenye kileo asilimia 12 ina gramu 71 hivi za kileo, ambazo zikiungua hutoa kalori zipatazo 500. Hiyo si nguvu haba. Lakini kazi ya kukivunja kileo ni ya ini, nalo huvunja gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Tukichukua gramu 8, mwili hupata kalori 56. Mpanda baisikeli akazaye mwendo hutumia kalori 600 au zaidi kwa saa hiyo hiyo. Kileo basi hutoa nguvu yake kwa mwendo wa ini, si kwa mwendo wa barabara. Tena ini likishughulika nacho hupunguza kazi yake nyingine ya kutengeneza sukari ambayo misuli na ubongo huihitaji. Mkojo nao huongezeka wakati jasho limekwisha kuukausha mwili, na mkono hukawia kushika breki kwenye kona ya mteremko.

Hasara hii imepimwa. Mwaka 2009 ilitolewa habari ya utafiti wa Uswisi, ambamo wapanda baisikeli 13 waliofanya mazoezi walikazana kwa dakika 60, mara bila ya kileo na mara baada ya kipimo kidogo. Kwa mtu mwenye kilo 60 zisizo za mafuta, kipimo hicho ni sawa na robo lita ya mvinyo. Nguvu yao ilipungua kwa asilimia 4 hivi. Asiyeshindana ataona ni kitu kidogo. Lakini katika mlima wa saa moja, upungufu huo ni dakika mbili na zaidi, na mashindano mengi yamepotea kwa sekunde.

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Sifa ya mvinyo iliishi kwa sababu kileo huiharibu mizani ya kukipimia. Mtu aliyekunywa huona uchovu umeondoka, kumbe uchovu upo, aliyeondoka ni mlinzi wa kuutangaza. Akiulizwa kama mvinyo umemsaidia atasema ndiyo, wala hasemi uongo, kwa kuwa asema alivyojihisi. Mshitakiwa amekaa katika kiti cha hakimu.

Na palipo na hakimu wa namna hiyo, uvumi hustawi. Julai 1950, katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa, Abdel-Kader Zaaf wa Algeria alikuwa mbele pamoja na mwenzake Marcel Molinès, katika njia ya Perpignan hadi Nîmes. Zaaf hakuwa mtu wa ridhaa, lakini kisa chake kimesimuliwa na wa ridhaa kuliko visa vingi. Jua lilikuwa kali mno. Zaaf alipepesuka akaanguka, na Molinès akashinda siku ile. Wengine walisema Zaaf alilewa mvinyo aliopewa na watazamaji. Wengine walisema kwamba yeye ni Mwislamu asiyekunywa, na harufu ilitokana na mvinyo aliomwagiwa ili azinduke. Masimulizi ya kwanza yaliwachekesha watu, ndiyo maana yalisafiri mbali zaidi. Miaka 17 baadaye kicheko kilikoma. Tarehe 13 Julai 1967 Tom Simpson wa Uingereza, mwenye miaka 29, alikufa katika mlima wa Ventoux kwenye mashindano yale yale. Mchana ule alikuwa amekunywa konyagi, na mwilini mwake kilionekana kileo pamoja na dawa ya kuchangamsha. Joto, dawa na kileo vilikuwa vimewanyamazisha walinzi wote waliopaswa kumwambia ashuke.

Je, mvinyo ufukuzwe kabisa katika habari za baisikeli? Huko Gaiole in Chianti, Italia, tangu 1997 watu wa ridhaa hukusanyika katika safari iitwayo L'Eroica, wakapanda baisikeli za zamani katika njia za vumbi. Vituoni hukuta mkate, supu na mvinyo wa mashamba wanayoyapita. Ajuaye kwamba kikombe kile kitamgharimu dakika, naye hana haja na dakika hizo, hajidanganyi. Aliyejidanganya ni yule aliyekinywa ili azipate.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mambo yaligeuka: tembo ndilo lililosifiwa, na walioharibika ni wasifuji. Mwenye kutaka kujua nguvu zake na aiulize saa, kwa maana saa hainywi.