Mhandisi wa Dhaka na Ghorofa Mia Moja za Chicago



Katika familia zetu, mzee aliyekwenda Hijja kwa ndege baada ya mwaka 1981 yaelekea amepita chini ya mahema meupe ya uwanja wa ndege wa Jeddah. Yako 210, na kila moja limefunika eneo la mita 45 kwa mita 45. Hapo chini mahujaji hukaa na mizigo yao wakisubiri mabasi ya kuelekea Makka. Nje jua linachoma, lakini chini ya mahema upepo unapita. Wazee hurudi na habari za foleni na za mabegi yaliyopotea. Ni wachache wanaouliza nani alipiga hesabu za mahema yale.

Mmoja wa wakuu wa kazi ile alikuwa Mwislamu kutoka Bengal, Dk. Fazlur Rahman Khan. Hata hivyo makala haya hayahusu mahema. Yanahusu kazi aliyoifanya zaidi ya miaka kumi kabla, katikati ya jiji la Chicago, Marekani: jengo la ghorofa 100 ambalo karibu nusu yake ni nyumba za watu kuishi. Wanafunzi wetu wa uhandisi wengi wao wameona picha ya jengo hilo, lile jeusi lenye alama kubwa za X ubavuni. Nimeona tulifuatilie tangu msingi hadi paa, kwa sababu lilipofika kama ghorofa ya 20 ujenzi ulisimama, na pale liliposimama ndipo penye mafunzo kwa wanaosomea fani hii.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Fazlur Khan alizaliwa Dhaka tarehe 3 Aprili 1929, wakati Bengal bado iko chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na mwandishi wa vitabu vya shule. Kijana alianza uhandisi katika chuo cha Shibpur karibu na Calcutta, akamalizia Dhaka mwaka 1951. Mwaka 1952 akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na katika muda wa miaka mitatu akatoka na shahada mbili za uzamili na ya udaktari juu yake. (Wanafunzi mnaolalamika kuwa muhula ni mfupi, someni tena sentensi hiyo.) Mwaka 1955 aliajiriwa na kampuni ya usanifu ya Skidmore, Owings & Merrill mjini Chicago. Mwaka 1957 alirudi Pakistan akafanya kazi Karachi, lakini mwaka 1960 alikuwa amesharejea Chicago katika kampuni ileile.

Alikuta tatizo ambalo wahandisi walikuwa hawajalipatia dawa ya bei nafuu. Jengo fupi adui yake mkubwa ni uzito wake lenyewe. Jengo refu adui yake ni upepo. Kila ghorofa inapoongezwa, upepo unapata mahali pa juu zaidi pa kusukuma, kama mtu anayeng'oa mti mchanga kwa kushika ncha na si shina. Njia ya zamani ilikuwa kujaza nguzo na mihimili ndani ya jengo, nyumba nzima ikawa kama msitu wa chuma. Kwa njia hiyo, ukizidi urefu fulani, gharama ya chuma inapanda haraka kuliko kodi utakayoipata, na mwenye fedha zake anakwambia basi.

Khan aliuliza swali jepesi: kwa nini nguvu iwekwe ndani? Chukua mwanzi. Katikati ni mtupu, nguvu zake zote ziko kwenye ganda la nje, na upepo ukija unainama kidogo kisha unarudi. Mfano huo ni wangu, lakini ndio njia nyepesi ya kuwaeleza watoto. Aliamua kuta za nje za jengo ziwe kama bomba moja, nguzo za nje zikiwa zimekaribiana na kufungamana, ili jengo zima lipambane na upepo kama kitu kimoja. Jaribio la kwanza lilikuwa jengo la makazi, si la ofisi: fleti za DeWitt-Chestnut, ghorofa 43 za zege, zilizojengwa Chicago katika miaka ya 1960. Leo ukilipita njiani hutageuka kulitazama, maana halina madoido yoyote. Lakini majengo marefu mengi yaliyofuata duniani ni wajukuu wake.

Sasa tuje kwenye jengo letu. Mwishoni mwa mwaka 1964 tajiri mmoja wa ujenzi, Jerry Wolman, alikuwa na kiwanja katika barabara ya North Michigan, sehemu yenye maduka ya kifahari karibu na ziwa. Wazo la mwanzo lilikuwa majengo mawili, moja la fleti na jingine la ofisi. Shida ni kwamba mawili hayo yangekijaza kiwanja chote, na mpangaji akifungua pazia asubuhi angetazamana na karani wa ofisi. Msanifu Bruce Graham na Khan wakapendekeza jambo lililoonekana la kichaa: yabebeshane. Ofisi chini, nyumba za kuishi juu yake, jengo moja la ghorofa 100. Fedha za ujenzi zingetolewa na kampuni ya bima ya maisha ya John Hancock, na jengo likapewa jina hilo.

Tazameni umbo lake, kwa maana hapo ndipo akili ya kazi ilipo. Chini jengo lina upana wa kama mita 80 kwa 50, na juu limepungua hadi kama mita 49 kwa 30. Mtu anaweza kudhani ni urembo. Kumbe ni hesabu ya maisha ya watu. Maduka, maegesho ya magari na ofisi vinahitaji eneo pana, na karani anaweza kukaa mbali na dirisha akawasha taa. Lakini nyumba ya familia inahitaji dirisha. Ukijenga fleti kwenye sakafu pana, vyumba vya ndani vinakuwa giza kama stoo. Kwa hiyo sakafu zikapunguzwa kadiri zinavyopanda, na fleti zikawekwa juu, ghorofa ya 44 hadi ya 92, kila moja ikapata mwanga wake. Na jengo linalosinyaa kwenda juu linaupunguzia upepo mahali pa kushika. Shida mbili zikapata dawa moja.

Zile X za ubavuni nazo si pambo. Kila moja inapita ghorofa 18, na kazi yake ni kuzifunga nguzo za nje pande zote nne. Hesabu ilipopigwa, jengo lilihitaji kama kilo 145 za chuma kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Empire State ya New York, iliyokamilika mwaka 1931, ilitumia kama kilo 206. Hapo ndipo tajiri aliposhawishika.

Bado lilikuwepo swali la mtu atakayelala humo. Jengo refu lazima liyumbe kidogo, hakuna namna. Ofisini hujali sana, jioni unarudi nyumbani. Lakini aliyeko kitandani ghorofa ya 90, usiku wa dhoruba, atasikia nini? Vitabu havikuwa na jibu la kutosha. Khan na wenzake walikwenda katika jumba la makumbusho la sayansi na viwanda la Chicago, ambako palikuwa na jukwaa linalozunguka, sehemu ya maonyesho ya mashine za kufulia, wakawaweka watu juu yake ili kujua mwendo unaanza kumsumbua mwanadamu wakati gani. Napenda sana kisa hiki. Mhandisi mwenye shahada ya udaktari anakwenda kuazima chombo cha maonyesho kwa sababu anataka kujua mpangaji wake atalala vizuri au la.

Ujenzi ulianza mwaka 1965. Chicago imekaa juu ya udongo laini wa ufinyanzi, kwa hiyo jengo zito haliwezi kuwekwa juu juu. Huchimbwa mashimo ya duara yanayoshuka makumi ya mita hadi kukuta mwamba. Bomba la chuma huteremshwa ili udongo usibomoke, zege humwagwa ndani, na bomba huvutwa juu taratibu. Ukimaliza, una nguzo za zege zilizofichika ardhini, na hakuna atakayeziona tena.

Chuma kikaanza kupanda. Jengo lilipofika kama ghorofa ya 20, waliokuwa wakipima walileta taarifa mbaya. Kila jengo hudidimia kidogo, na hilo huwekwa kwenye hesabu. Lakini ghorofa 20 zilikuwa zimeshadidimia kiasi kilichotarajiwa kwa jengo zima. Zilibaki 80.

Jiwekeni mahali pao. Fedha ni za mkopo, na riba inatembea kila siku. Wafanyakazi wako kiwanjani, magazeti yameshatangaza, mamia ya mita ya chuma yanangoja kupandishwa. Kwa macho jengo limesimama sawasawa, halina hata ufa. Mwenye kutaka kusema tuendelee, Mungu atasaidia, angeweza kusema. Kazi ilisimamishwa. Wakatoboa nguzo za msingi kuzichunguza, wakakuta kwamba wakati bomba linavutwa, kuna mahali zege halikujaa, pakabaki pengo na udongo ukaingia. Nguzo iliyokuwa imechorwa kwenye karatasi kama mwamba ilikuwa na tundu tumboni. Nguzo zikakaguliwa, zenye kasoro zikarekebishwa, ndipo chuma kikaendelea.

Gharama yake haikuwa ndogo. Wolman alikuwa na biashara nyingi, hata timu ya mpira wa Kimarekani ya Philadelphia Eagles ilikuwa yake. Kuchelewa huko kulimbana, wakopeshaji wakafunga mkono, akafilisika. Mwaka 1969 aliipoteza na timu. Jengo likachukuliwa na ile kampuni ya bima, ambayo haikubadili mchoro, msanifu, mhandisi wala mkandarasi.

Naandika haya nikikumbuka tarehe 29 Machi 2013, ambapo jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwemo watoto waliokuwa wakicheza uwanjani kando yake. Jengo hilo lilikuwa fupi kuliko zile ghorofa 20 za Chicago zilizosimamishwa.

Chuma cha John Hancock kilifika kileleni mwaka 1968, mita 344 kutoka chini, na mwaka 1969 ujenzi ukakamilika. Fleti ziko kama 700. Ghorofa ya 44 ina bwawa la kuogelea na duka la vyakula, hata mwenyeji anaweza kumaliza siku nzima bila kushuka barabarani. Inasimuliwa kwamba wanaokaa juu kabisa, asubuhi za mawingu, humpigia simu bawabu kumuuliza kama chini kunanyesha.

Khan hakubaki kwenye hesabu peke yake. Mwaka 1971, vita vya ukombozi vya Bangladesh vilipowaka, aliwakusanya Wabengali wa Chicago na kuongoza juhudi za kuchangia misaada ya watu wa kwao. Mwaka 1973 Sears Tower, ambalo pia ni kazi yake na Graham, lilikamilika kwa mita 442, likawa refu kuliko yote duniani wakati huo. Burj Khalifa la Dubai, ambalo ndugu zetu wengi walioko Ghuba wanalitazama kila siku, lilitoka katika kampuni ileile mwaka 2010, ingawa mfumo wake ni mwingine. Nalo pia lina nyumba za kuishi.

Yale mahema ya Jeddah yalianza kupokea mahujaji mwaka 1981. Tarehe 27 Machi 1982, akiwa safarini huko huko Jeddah, Khan alipatwa na mshtuko wa moyo akafariki, akiwa na umri wa miaka 52. Mwili wake ulirudishwa Chicago, ukazikwa katika makaburi ya Graceland, kaskazini mwa jengo lake. Mwaka 2018 jina la John Hancock liliondolewa, na sasa jengo linaitwa kwa anwani yake tu, 875 North Michigan Avenue. Wenyeji wa Chicago wengi bado wanaliita kwa jina la zamani, na fleti za juu bado zina watu.